Mwenye Nyumba na Mpangaji Katika Darasa Moja

Ngamiani barabara huitwa kwa namba, na nyumba nyingi ni za ukumbi katikati na vyumba huku na huku. Vyumba hivyo ndimo wanamopanga vijana waliokuja Tanga kusoma, waja leo waondoka leo kama msemo wa mji wenyewe. Sasa chukua mama mwenye nyumba wa miaka 46, karani wa masijala katika ofisi ya serikali, aliyeamua kurudi shule kutafuta stashahada. Anaweza kabisa kujikuta darasa moja na mpangaji wake wa miaka 20. Nyumbani kijana anamwamkia shikamoo na kumpa kodi mkononi. Chuoni wamepangwa kundi moja la kazi, na anayewasahihisha ni mhadhiri wa miaka 29. Mama akiandika ukurasa usio na kichwa wala miguu, nani kati ya hao wawili atamwambia?

Ukiuliza swali hili mjini utajibiwa upesi kwamba Tanga ni mji wa watu wenye adabu, mkubwa anajulikana na mdogo anajulikana, taabu iko wapi. Nadhani adabu yenyewe ndiyo inayotuficha taabu. Mwanafunzi mtu mzima tumempa heshima mahali pa haki. Shikamoo anapata, kiti cha mbele anapata, uenyekiti wa kundi anapata hata asipoutaka. Ratiba inayolingana na maisha yake, fedha za kusomea, na mtu wa kumwambia wazi kwamba hapa umekosea, hivyo hapati. Na kijana aliyekaa pembeni yake naye ana anachokosa, ila yeye hata nafasi ya kulalamika hana.

Darasa la namna hii Tanga si la kubahatisha. Chuo cha Utumishi wa Umma Tanzania, kilichoanzishwa mwaka 2000, kina tawi hapa, na kozi zake kama uhazili na utunzaji wa kumbukumbu huchukua watumishi wanaojiendeleza pamoja na vijana waliotoka kidato cha nne na D zao nne. Chuo Kikuu Huria, kilichoundwa kwa Sheria Na. 17 ya mwaka 1992 na kufunguliwa rasmi Januari 1994, kilikusudiwa hasa watu wenye kazi na familia zao, lakini leo katika vituo vyake vya mikoa, Tanga kikiwemo, utawakuta pia vijana wa fomu siksi. Kwenye ufundi ni vivyo hivyo. Bandari imepanuliwa, na Chongoleani ndiko linakoishia bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima. Kazi kubwa za namna hiyo hudai cheti, na fundi aliyechomelea mageti ya nusu ya mtaa kwa miaka 15 hugundua kwamba mikono yake haina karatasi. VETA wana utaratibu wa kupima na kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa, jambo jema sana, ila fundi akitaka kwenda mbele ya hapo atakaa dawati moja na mtoto wa jirani yake.

Wanaotetea mchanganyiko huu kwa kusema ni mila yetu ya kale wana ukweli fulani. Baina ya magharibi na isha, katika misikiti ya pwani yote, darsa la sheikh hukusanya mzee mwenye mkongojo, mchuuzi aliyetoka kufunga meza yake na kijana aliyehitimu madrasa juzi. Kitabu kimoja, sauti moja, hakuna anayeshangaa. Lakini darsani hakuna mtihani wala maksi, na kujua au kutojua kwa mwenzako hakukupunguzii wewe chochote. Ingiza kazi ya kundi yenye alama 20 katika darsa lile uone kama mkeka utabaki na utulivu wake.

Elimu ya watu wazima ya enzi za Mwalimu nayo ilichanganya umri, tena kwa namna iliyopinduka. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwafikia karibu watu milioni 2 kupitia redio na vikundi vya kujisomea. Walimu wa kujitolea walihitajika kwa maelfu, na wengi walikuwa vijana waliomaliza darasa la saba tu. Mjukuu akashika chaki, babu akashika kalamu. Ilikwenda kwa sababu somo lilikuwa choo, mbu na maji ya kunywa, mambo ambayo babu aliyajua kuliko mjukuu, na kwa sababu hakuna aliyepanga majina ukutani kwa kufuata alama.

Kwa ngazi ya chuo kikuu, hata hivyo, jaribio letu kubwa ni lingine, na linastahili kukumbukwa vizuri zaidi ya tunavyolikumbuka. Oktoba 1966 wanafunzi wa Dar es Salaam waliandamana kupinga masharti ya kulitumikia taifa, na karibu 400 kati yao wakarudishwa makwao. Mwalimu Nyerere hakusahau picha ile ya wasomi waliodai kabla ya kutoa. Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU ikikutana Musoma, iliamuliwa kwamba kijana aliyemaliza kidato cha sita asiende chuo kikuu moja kwa moja. Aende kwanza Jeshi la Kujenga Taifa, kisha afanye kazi angalau miaka miwili, ndipo aombe nafasi akiwa na barua ya mwajiri na ya tawi la chama. Kwa amri moja nchi ilitaka wanafunzi wote wa chuo kikuu wawe watu wazima.

Nia yake siidharau. Anayesoma uchumi baada ya kulipwa mshahara na kukatwa kodi humwuliza mwalimu maswali ambayo kijana hayafikirii. Lakini sharti lile liliharibikia mahali pawili. Barua ya mwajiri na ya tawi iliufanya uzoefu kuwa lango lenye bawabu, na bosi asiyekupenda akawa na ufunguo wa chuo kikuu mfukoni mwake. Pa pili ni wanawake. Msichana aliyengojea miaka mitatu alikuta ameolewa, amezaa, au vyote viwili, na idadi yao ikashuka kiasi kwamba haukupita muda mrefu serikali ikawaondoa katika sharti hilo. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 utaratibu wote ulikuwa umekwisha. Waliobuni sera walihesabu miaka wakadhani wamehesabu maisha, kumbe miaka mitatu ya mwanamume na miaka mitatu ya mwanamke wa pwani haikuwa na uzito mmoja.

Kosa hilo la kuhesabu miaka bado tunalo. Tukisema mtu mzima darasani tunaangalia mvi, wakati kinachotofautisha wanafunzi ni mzigo walio nao. Binti wa miaka 21 mwenye mtoto mchanga kwa mama yake, Barabara ya Kumi na kitu, yuko karibu zaidi na yule karani wa miaka 46 kuliko na wenzake wa rika lake: wote wawili hutazama saa, na simu ikilia kipindini hawawezi kuipuuza. Waliolielewa jambo hili mapema ni Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi. Vyuo hivi vilianza mwaka 1975 kwa msaada wa Sweden, kwa kufuata mfano wa shule za wananchi za huko, na katika mkoa wetu viko Handeni na Kiwanda, Muheza. Miaka ya karibuni, kupitia mpango wa Elimu Haina Mwisho, vimewapokea wasichana na wanawake vijana waliokatishwa shule, wengi wao kwa ujauzito, na mama huja na mtoto wake, akiwa darasani mtoto analelewa palepale chuoni. Ona walivyoanza na swali la nani atambeba mtoto, ndipo wakaja kwenye mtaala. Vyuo vya hadhi ya juu zaidi huwatazama hawa kama ndugu wa kijijini. Wangekwenda kujifunza kwao.

Tuje kwenye fedha, maana huko ndiko heshima yetu inakopimwa. Miongozo ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ya miaka ya karibuni inamtaka mwombaji wa shahada ya kwanza awe na umri usiozidi miaka 35. Kwa hiyo darasani mmoja anangojea bumu, mwingine analipa ada kutoka mshahara uleule unaolipa ada ya watoto wake. Matokeo yake hujipenyeza hadi kwenye kazi za vikundi. Hutokea mtu mzima, kwa kukosa muda, akatoa pesa: analipia uchapaji, analipia chai, na jina lake linaandikwa juu ya kazi ambayo hakuisoma. Vijana hawasemi kitu. Wamepata fotokopi ya bure, na nani atamshitaki mama? Kila upande umeridhika na hakuna aliyefundishwa.

Ratiba nayo hutungwa kana kwamba kila mwanafunzi analala ng'ambo ya uwanja wa chuo. Ujumbe unaingia kwenye kundi la WhatsApp saa tatu usiku kwamba kipindi cha kesho mchana kimehamia asubuhi. Kijana anageuza ubavu na kuendelea kulala. Mtumishi ana ruhusa ya mkuu wake wa idara iliyoandikwa saa na siku, na hawezi kumpigia usiku ule kumwomba nyingine. Mwezi wa Ramadhani mambo huwa magumu zaidi: testi ya saa kumi na moja jioni ni hukumu kwa mwanamke ambaye nyumba nzima inangojea futari kutoka mkononi mwake. Yote haya yanaweza kurekebishwa bila shilingi moja, kwa kutangaza ratiba mwanzo wa semista na kuiheshimu.

Ndani ya darasa penyewe, ugumu wa kwanza ni kusahihishana. Mtu mzima akivuliwa nguo huchutama, na mwanafunzi wa miaka 46 aliyesomewa kosa lake mbele ya watoto hatabishana na mhadhiri. Atatabasamu, ataaga vizuri, na wiki inayofuata hutamwona. Wahadhiri vijana wanalijua hilo, kwa hiyo wengine hukimbilia njia rahisi ya kumwekea maksi za huruma. Aliyestahili 32 anapewa 45 na kuambiwa ahsante mama kwa juhudi. Nauita ukatili huo, ingawa umevaa kanzu ya adabu. Mtihani wa mwisho haumjui mama wa mtu, na sapu ikitoka anaanguka bila kujua alianza kupotea lini. Afadhali mhadhiri aseme ukweli wote kwa maandishi, pembezoni mwa karatasi, kisha amwite ofisini wakae wawili. Shikamoo aitoe nje ya mlango, tena kwa moyo mweupe. Ndani, kila mmoja awe Bi fulani au Bwana fulani, mkubwa kwa mdogo. Kijana wa miaka 20 anayeitwa Bwana kwa mara ya kwanza hukaa kitako vizuri zaidi.

Lugha ni ugumu wa pili, nao naupitia haraka kwa kuwa unajulikana. Mwalimu wa shule ya msingi aliyefundisha Hisabati kwa Kiswahili miaka 18 anatakiwa kuandika insha kwa Kiingereza. Kijana aliyetoka sekondari Kiingereza chake kina kasoro tele, lakini bado ni cha moto. Mawazo ya mtu aliyekomaa yanatoka kwenye karatasi yakiwa ya darasa la sita. Majadiliano yawe ya Kiswahili, kama yalivyo tayari kwa siri katika madarasa mengi, na Kiingereza cha kuandikia kifundishwe kama stadi ya peke yake.

Ugumu wa tatu, uzoefu, ndio wenye utajiri, na hapa ndipo ualimu unapohitajika hasa. Turudi kwa somo la utunzaji wa kumbukumbu. Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa Na. 3 ya mwaka 2002 inaeleza jinsi kumbukumbu za umma zinavyotunzwa tangu zinapofunguliwa hadi zinapoharibiwa au kuhifadhiwa kwa kudumu. Kijana anaisoma, anapiga msuli, anaijua kwa vifungu. Karani wa miaka 20 kazini anaijua masijala kwa njia nyingine: jalada likipotea yeye ndiye anayeitwa, na anakumbuka kwamba lilichukuliwa na afisa fulani kabla ya sikukuu. Ofisi nzima inamtegemea. Sasa liulize darasa zima: siku akistaafu, majalada yatapatikana vipi? Hapo kumbukumbu yake, aliyokuwa akijivunia, inaonekana kuwa ndiyo udhaifu wa masijala ile. Na kijana naye anaona kwamba kifungu cha sheria hakikusaidii kama hukujua kwamba maafisa huondoka na majalada mikononi bila kuandika popote. Wote wawili wamejifunza, na hakuna aliyevuliwa nguo, kwa sababu swali lilielekezwa kwa ofisi.

Swali la namna hiyo haliji lenyewe. Ukimwachia mtu mzima uwanja atasimulia, "Mimi ofisini kwetu…", na dakika 15 zitakwisha huku vijana wakichezea simu chini ya meza. Uzoefu ukiletwa kama hadithi huishia kuheshimiwa. Ukiletwa kama kesi ya ukurasa mmoja iliyoandikwa, majina yakiwa yameondolewa kwa kuwa mtumishi wa umma ana siri za ofisi za kulinda, unaweza kupimwa na kijana kwa sheria na kwa hoja. Huo ndio mpaka kati ya kumheshimu mtu na kumchukulia kama msomi. Usemi kwamba utu uzima dawa nakubaliana nao, ila dawa isiyopimwa haipewi mgonjwa.

Kijana naye tusimsahau, maana huzuni yake haina mtetezi. Mhadhiri aliyezungukwa na watumishi huruka misingi akisema, "Hili mnalijua." Kijana hajui jalada la wazi ni lipi na la siri ni lipi, hajawahi kuona dokezo, na haulizi mbele ya watu wanaocheka kwa upole. Halafu fildi inafika, anapelekwa ofisi ambayo mwanafunzi mwenzake ndiye msimamizi wa masijala. Mtu aliyebishana naye darasani wiki iliyopita sasa ndiye anayetia saini kitabu chake cha mafunzo. Akiwa na akili, tangu mwanzo hakubishana. Chuo chenye kujali kingezuia upangaji wa namna hiyo, na kingetoa wiki mbili za utangulizi kwa wasiowahi kuingia ofisini, sawa na kompyuta kwa wasiowahi kuandika taarifa kwa mashine. Madarasa mawili mafupi yatenganishwe, halafu darasa kuu lichanganywe. Kuwatenganisha moja kwa moja, jioni kwa wazee na asubuhi kwa vijana, ni kupoteza mali ambayo vyuo vingine vingeinunua.

Wenye shaka na mali hiyo watazame Marekani baada ya vita. Sheria ya mwaka 1944 iliwafungulia vyuo askari waliorudi, na wakuu wa vyuo vikubwa, akiwemo Robert Hutchins wa Chicago, walihofia kwamba elimu itashushwa na watu wazima waliokuja kwa sababu ya posho. Askari karibu milioni 2.2 walisoma vyuoni kwa sheria ile, mwaka 1947 wakawa karibu nusu ya wanafunzi wote wa nchi, na alama zao zikawa nzuri, mara nyingi kuwashinda vijana. Hawakufanikiwa kwa mvi zao. Walilipiwa ada, wakapewa posho iliyoongezwa kwa wenye familia, na vyuo vikajenga nyumba za waliooa. Musoma ililazimisha utu uzima bila kuubebea mzigo. Marekani iliubeba mzigo na utu uzima ukaja wenyewe.

Kwetu leo wanakuja wenyewe bila kulazimishwa na bila kubebewa. Vyuo vya Tanga vinahitaji ada zao, kwa hiyo viwatangazie ratiba mapema, viwasahihishe kwa ukweli na viache kuwanunua kwa maksi. Bodi ya Mikopo nayo ifute kikomo cha miaka 35. Hoja ya kwamba mtu mzima hatakuwa na muda wa kulipa deni haisimami: anayeanza shahada ya miaka mitatu akiwa na miaka 40 anamaliza na 43, na kustaafu kwa lazima serikalini ni miaka 60. Ana miaka 17 ya kukatwa mshahara, tena mara nyingi kazi anayo tayari, kitu ambacho kijana wa bumu anakwenda kukitafuta.